Je, Ni Kweli Dunia Imepungukiwa na Marubani wa Ndege?

Neno limeenea siku hizi kati ya vijana wa sekondari, hapa Goma na penginepo, kwamba dunia imepungukiwa na marubani wa ndege. Kwamba makampuni makubwa yanawatafuta kwa udi na uvumba. Na kwamba kijana atakayepata leseni ya kurusha ndege hatajua ukosefu wa kazi maisha yake yote. Si ajabu neno hili kupata wasikilizaji wengi mjini kwetu. Uwanja wa ndege wa Goma hauko mbali porini kama viwanja vya miji mingine. Umekaa karibu kabisa na nyumba za watu, na watoto wa Birere na Majengo wamekua wakizitazama ndege zikipita juu ya mabati ya paa zao. Mtoto akiulizwa atakuwa nani baadaye, mara nyingi hujibu pasipo kusita: rubani.

Lakini neno hili si la kupokelewa kijuujuu, maana lina gharama. Mafunzo ya urubani ni ghali kuliko karibu masomo yote ayajuayo mzazi wa kwetu. Katika Ulaya mafunzo kamili, toka siku ya kwanza mpaka leseni ya kazi, mara nyingi hufika dola 100,000 au kupita. Katika Afrika bei hupungua, lakini hubaki makumi ya maelfu ya dola. Baba atakaye kumlipia mwanawe fedha hizo hana budi kuuza shamba, au nyumba, au kuingia katika deni litakalobebwa na ukoo mzima. Basi, kabla mtu hajauza shamba la urithi, yafaa ajue kama habari aliyoambiwa ni kweli, au ni nusu ya kweli, au ni uvumi mtupu. Ndiyo maana leo twataka kulichungua jambo hili pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, hatua kwa hatua.

Wasemao kwamba marubani wamepungua

Kwanza tuwasikilize wale wasemao kwamba upungufu upo. Kampuni ya Boeing ya Marekani, iundayo ndege, hutoa makadirio ya watu watakaohitajiwa katika kazi za anga. Mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika muda wa miaka 20, yaani mpaka 2043, dunia itahitaji marubani wapya 674,000. Mwanafunzi wa hesabu atagawanya mwenyewe na kuona kwamba ni marubani 33,700 kila mwaka. Sehemu kubwa ya hao watashika nafasi za wale waachao kazi. Kwa kanuni ya kimataifa, rubani wa ndege za abiria zisafirizo toka nchi moja hata nyingine haruhusiwi kuendelea akiisha timiza miaka 65. Zamani mpaka huo ulikuwa miaka 60, ukasogezwa mbele mwaka 2006. Hata akiwa na afya njema na macho makali, siku yake ikifika hushuka katika kiti chake.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 safari za abiria duniani zilishuka kwa karibu theluthi mbili. Ndege zikaegeshwa safu kwa safu, na makampuni, yakiogopa kufilisika, yakawapa marubani wengi wenye umri mkubwa fedha za kuwaaga ili wastaafu mapema. Lakini abiria wakarudi upesi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2022 makampuni ya Marekani yakajikuta na ndege na abiria, lakini hayana watu wa kutosha wa kuzirusha. Safari nyingi zikafutwa, na miji midogo kadhaa ikapoteza kabisa safari zake.

Tena iko sheria ya Marekani ambayo huzungumzwa sana katika habari hizi. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ndogo ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, wakafa watu 50. Wazazi, wajane na ndugu za marehemu hawakukaa kimya. Walibisha hodi kwa wabunge mpaka sheria ikatungwa mwaka 2010. Kwa sheria hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 2013, hata rubani msaidizi wa ndege za abiria hana budi kuwa amekwisha ruka saa 1,500, isipokuwa wachache waliosoma katika vyuo maalumu au jeshini. Zamani saa 250 zilitosha. Makampuni hulalamika kwamba sheria hii imeufunga mlango, nao hukumbusha kwamba marubani wawili wa ndege ile ya Buffalo walikuwa wamekwisha pita saa 1,500 kila mmoja.

Wakanushao habari hiyo

Sasa tuwasikilize wa upande wa pili. Chama kikubwa cha marubani wa Marekani kimesema mara nyingi kwamba wenye leseni wapo wa kutosha. Kilichopungua ni mishahara na utaratibu mwema wa kazi. Hawakosi ushahidi. Mwaka 2022 baadhi ya makampuni madogo ya Marekani, yaliyokuwa yakiwalipa vijana mshahara mdogo, yalipandisha malipo kwa kiasi kikubwa, mengine karibu mara mbili. Muda si mrefu watu wakaanza kupatikana.

Tena angalieni upesi wa mambo kugeuka. Ilipofika mwaka 2024, kampuni ya United, ambayo miaka miwili nyuma ilisema upungufu ni wa kweli kabisa, iliwaomba marubani wake wachukue likizo isiyo na malipo, kwa sababu ndege mpya ilizoziagiza kwa Boeing zilikuwa zimechelewa. Mwaka huohuo kampuni ya Spirit iliwasimamisha kazi marubani mamia. Na hapa Afrika ya Mashariki, mwishoni mwa mwaka 2022, Air Tanzania ililazimika kuziegesha ndege zake kadhaa za Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini. Ndege isiporuka, rubani wake naye hana la kufanya, hata angalikuwa hodari kuliko wenzake wote.

Yatupasa pia kuuliza kila msemaji anasimama wapi. Boeing huuza ndege, na mwuza mbegu hasemi kwamba mvua haitanyesha. Makampuni ya usafiri hupenda sheria zilegezwe na umri wa kustaafu usogezwe, ili wapate watu wengi kwa malipo ya wastani. Vyama vya marubani navyo havipendi mlango ufunguliwe mno, maana wakizidi watu, mshahara hushuka. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikubali shauri la kuufikisha umri wa kustaafu miaka 67. Lakini sheria iliyotiwa sahihi Mei 2024 iliuacha palepale penye 65. Hatusemi kwamba watu hao ni waongo. Twasema tu kwamba kila mmoja hutazama kutoka dirisha la nyumba yake.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea

Yawezekanaje, basi, kampuni moja ikose marubani, na papo hapo vijana wenye leseni wakae nyumbani bila kazi? Ili kufahamu hayo, sharti tujue namna rubani anavyofanyizwa.

Mtu huanza kwa kupimwa afya: macho, masikio, moyo, na akili iliyotulia. Kisha husoma nadharia, yaani hali ya hewa, injini, ramani, sheria za anga, na mambo ya uzito na nguvu ambayo mwanafunzi wa fizikia huyaonja darasani. Pamoja na hayo huruka na mwalimu, halafu peke yake. Kwa kanuni za kimataifa, kijana aliyetimiza miaka 18 aweza kupata leseni ya rubani wa kazi akiwa na saa 200 za kuruka, au 150 kama amefuata mafunzo ya mfululizo katika chuo kilichokubaliwa. Hapo wazazi hupiga vigelegele na kufanya karamu, wakidhani mtoto amefika. Kumbe amefika mlangoni tu.

Maana leseni hiyo humruhusu kukaa kiti cha kuume, kiti cha rubani msaidizi. Ili akae kiti cha kushoto, kiti cha rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, sharti apate leseni ya juu, itakayo umri wa miaka 21 na saa 1,500. Zaidi ya hayo, kila aina ya ndege ina mafunzo yake ya pekee. Ajuaye ATR hawezi kuamka asubuhi na kuirusha Boeing 737. Makampuni ya bima nayo huuliza: rubani huyu ameruka saa ngapi? Wakiambiwa ni chache, huongeza bei au hukataa.

Tufanye hesabu ndogo. Kijana mwenye saa 200 amepungukiwa na saa 1,300. Akipata kazi ya kuruka saa 65 kwa mwezi, atazimaliza kwa miezi 20. Lakini asipopata kazi, atazipata wapi? Kukodi ndege kwa fedha yake mwenyewe ni kama kununua mvua. Basi yuko kama mtu aambiwaye kwamba hataruhusiwa kuingia mtoni mpaka ajue kuogelea. Makampuni humtaka mwenye saa nyingi, na saa hupatikana katika makampuni.

Hii ndiyo siri ya mambo yote. Neno moja "upungufu" limefunika mambo matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni upungufu wa wenye leseni. Huo katika nchi nyingi haupo. La pili ni upungufu wa wenye saa nyingi, hasa marubani wakuu. Huo upo kweli, nao huja na kwenda kama kiangazi na masika. La tatu ni upungufu wa wenye saa nyingi walio tayari kufanya kazi mahali fulani kwa mshahara fulani. Na huo, katika Afrika yetu, ndio mkali kuliko yote. Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Dunia yazaa marubani wengi, lakini wenye kuwalea ni wachache.

Majirani zetu wamefanya nini?

Tuangalie Ethiopia. Shirika la ndege la nchi hiyo liliundwa mwishoni mwa mwaka 1945, likaanza safari mwaka 1946 kwa msaada wa kampuni ya TWA ya Marekani. Marubani wa kwanza walikuwa Wamarekani. Lakini Waethiopia hawakuridhika kukaa nyuma milele. Waliwafundisha vijana wao polepole, na mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa Mwethiopia wa kwanza kushika kiti cha rubani mkuu wa ndege ya abiria ya shirika hilo. Ilichukua muda wa miaka kumi na mmoja hivi. Leo shirika hilo lina chuo chake lenyewe mjini Addis Ababa, ambako hufundisha marubani, mafundi na wahudumu, wa kwao na wa nchi nyingine za Afrika.

Uganda nako kuna chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, lakini chuo kikabaki mikononi mwa Uganda, na hata leo wapo wazee na vijana warukao anga za mbali waliojifunza pale. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya mpya mwaka 2022, na vijana wetu wangefanya vema kujua kwamba Soroti ni karibu kuliko Ulaya.

Kenya ina safari za ndege nyingi kupita majirani wengi, na uwanja wa Wilson mjini Nairobi una shule kadhaa za urubani. Lakini hapo ndipo twaona nyuso zote mbili za jambo hili kwa mara moja. Wapo vijana wenye leseni mpya wangojao kazi mwaka hata mwaka. Na wapo marubani wakuu wenye nguvu ya kutikisa nchi: mwezi wa Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku chache, wakidai pamoja na mengine michango ya akiba yao ya uzeeni, na maelfu ya abiria wakakwama. Wengi katika kundi moja, wachache katika kundi la pili. Tena kampuni za Ghuba, kama Emirates na Qatar Airways, huajiri marubani wa mataifa mengi. Rubani wa Afrika akiisha kulelewa na kampuni maskini mpaka amepata saa zake, huitwa huko kwenye mshahara mnono. Twamlaumuje? Naye ana watoto wa kusomesha. Lakini kampuni iliyomlea hubaki na kiti kitupu.

Na hapa Goma?

Sasa turudi nyumbani. Mwenye kuitazama ramani ataona kwamba kutoka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 angani, wala hakuna barabara njema iunganishayo miji hiyo miwili. Mgonjwa apelekwaye kwa daktari mkuu, mfanyabiashara, mwanafunzi wa chuo kikuu, wote walizoea kutegemea ndege. Kama kuna mahali duniani panapohitaji marubani, basi ni hapa. Lakini je, tatizo letu lilikuwa upungufu wa marubani?

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wa mawe ulishuka mpaka ziwani, ukateketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, ukafunika karibu theluthi moja ya njia ya kurukia ndege upande wa kaskazini. Njia iliyokuwa na urefu wa mita 3,000 hivi ikabaki kama mita 2,000. Kumbukeni kwamba Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi ya juu ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iinuke. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya aina ya DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuondoka ardhini, ikapita mwisho wa njia, ikaingia katika maduka na nyumba za Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa ni watu waliokuwa chini katika shughuli zao, wasio na tiketi wala safari. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya kampuni ya Busy Bee, iliyokuwa ikienda Beni, ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo punde tu baada ya kuruka, wakafa watu zaidi ya 20.

Mambo hayo twayakumbuka kwa huzuni, wala hatutaki kumhukumu mtu yeyote. Twayataja ili ieleweke kwamba usalama wa safari hauletwi na leseni ya mtu mmoja. Huletwa na njia ndefu, na ndege iliyotunzwa, na fundi asemaye "hapana" hata bwana wake akikasirika, na ofisi ya serikali ikaguayo pasipo kupokea bahasha. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyakataza makampuni yote ya ndege yaliyoandikishwa katika nchi yetu yasiruke katika anga yake, na sababu iliyotolewa ni udhaifu wa ukaguzi. Hakuna aliyesema kwamba Wakongo hawana akili ya kurusha ndege.

Hayo yana matokeo kwa kijana wetu. Rubani hulelewa na kampuni iishiyo miaka mingi. Lakini kwetu makampuni yamekuwa kama uyoga, leo yapo, kesho hayapo. Air Congo ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1961 kwa msaada wa Sabena ya Ubelgiji, ikaitwa Air Zaïre toka 1971, ilifilisika mwaka 1995. Hewa Bora ilikoma mwaka 2011, baada ya ajali ya Kisangani. Katika miaka ya vita, anga ya Kivu ilijaa ndege kuukuu za Antonov na Let, zilizoundwa zamani huko Kisovieti na Chekoslovakia. Mara nyingi zilirushwa na marubani waliotoka katika nchi hizohizo, maana dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, ndege zake na watu wake walipatikana kwa bei ndogo. Ndege za namna hiyo zilitua hata juu ya barabara ya lami huko Walikale kuchukua mawe ya madini. Rubani mgeni alikuja na saa zake, akazitumia, akaondoka nazo. Kijana wa Kivu alibaki chini akipakia magunia.

Katika Desemba 2024 kampuni mpya iitwayo Air Congo ilianza safari, mali ya serikali yetu pamoja na Ethiopian Airlines, serikali ikiwa na sehemu 51 katika 100 na Waethiopia 49. Ikiwa ushirikiano huo utadumu, na ikiwa vijana wetu watapandishwa kutoka kiti cha kuume mpaka kiti cha kushoto kama walivyofanya Waethiopia wenyewe, basi jambo jema limeanza. Lakini hapa Goma vita vilikata kila hesabu. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini, uwanja wetu ulifungwa, na safari za kawaida za abiria zikakoma. Benki ya Dunia ilikuwa imetoa dola milioni 52 mwaka 2015 kwa ajili ya usalama wa uwanja huo. Nyiragongo ulikuwa umepasuka tena tarehe 22 Mei 2021 na moto wake ukaishia kabla ya kuufikia. Mlima uliuacha, watu wakaufunga. Hata wangalikuwapo marubani elfu wa Goma, wasingaliweza kupaa.

Baba na mama, ulizeni kwanza

Tuwaambie nini, basi, wazazi na vijana? Hatusemi kwamba mtoto asiote ndoto ya kuwa rubani. Kazi hii ni ya heshima, yataka akili, nidhamu na uaminifu, na Mwafrika aiweza sawasawa na mtu mwingine. Twasema kwamba mzazi aulize maswali kabla ya kutoa fedha.

Aulize kwanza: chuo hiki kimekubaliwa na ofisi ya anga ya nchi gani, na leseni yake yatambuliwa wapi? Maana zipo karatasi nzuri zenye mihuri ambazo hazimwezeshi mtu kurusha hata tiara. Aulize tena: katika wanafunzi waliomaliza miaka mitatu iliyopita, wangapi wanaruka leo, na katika makampuni gani? Chuo cha kweli hujibu kwa majina ya makampuni. Cha uongo hujibu kwa picha za ndege. Aulize pia: baada ya leseni, nani atampa mtoto wangu saa zake? Kama jibu ni kwamba dunia ina upungufu na kazi zitakuja zenyewe, basi afunge mkoba wake. Njia iliyo salama zaidi ni kuchaguliwa na kampuni yenye chuo chake, ambayo yenyewe ndiyo itamtumia kijana akimaliza.

Na ninyi wanafunzi, kuna kazi ambayo haihitaji kuuza shamba la baba. Jifunzeni hesabu na fizikia kwa bidii, wala si kwa ajili ya mtihani wa serikali tu. Jifunzeni Kiingereza. Tangu Machi 2008 kanuni za kimataifa zadai rubani aonyeshe kwamba aweza kusema na kuelewa lugha ya redio, na katika safari za kimataifa lugha hiyo kwa kawaida ni Kiingereza. Kijana wa Goma asomaye kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili nyumbani hana budi kuongeza ya tatu. Pimeni macho na masikio mapema, kabla ya kulipa chochote.

Tena msisahau kwamba anga haina marubani peke yao. Makadirio yaleyale ya Boeing ya mwaka 2024 yalisema dunia itahitaji mafundi wapya wa ndege 716,000, yaani wengi kuliko marubani. Lakini ni nani amewahi kumsikia mtoto akisema ataka kuwa fundi wa ndege? Mafunzo ya ufundi huwa nafuu, na fundi mwema hatafutiwi saa za kuruka. Wapo pia waongoza ndege katika mnara, na wapimaji wa hali ya hewa. Na hapa kwetu wapo wataalamu wa kituo cha kuchungua volkano, ambao macho yao juu ya Nyiragongo ni ulinzi wa uwanja na wa mji mzima.

Basi, swali letu lilikuwa: je, ni kweli dunia imepungukiwa na marubani? Twajibu hivi. Marubani wakuu wenye saa nyingi wamepungua mahali pengi, na watapungua tena na tena kadiri wazee wanavyostaafu. Vijana wenye leseni mpya hawakupungua, nao wengi wanangoja. Na katika nchi yetu kilichopungua zaidi ya hao wote ni kampuni idumuyo, ndege itunzwayo, mkaguzi asiyenunulika, na amani. Hivyo vinne vikipatikana, marubani watapatikana, maana watoto wenye kipaji wamejaa katika madarasa yetu. Visipopatikana, tutaendelea kuwasomesha kwa jasho letu ili wawarushie wengine ndege zao. Mzazi aliye na shamba asiliuze kwa uvumi. Na kijana aliye na ndoto aishike, lakini aianzie pale alipo, kwenye daftari la fizikia.